Kelele ya Pikipiki Ni Upepo, na Kofia Haiuzuii

Kelele inayomharibia sikio mwendesha pikipiki haitoki kwenye injini wala kwenye ekzosi. Inatoka kwenye upepo. Wengi hatulijui hilo kwa sababu pikipiki tunaisikia tukiwa tumesimama kando ya barabara, ikipita na ekzosi iliyotobolewa usiku wa manane. Aliyekaa juu yake anasikia kitu kingine. Akiwa kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, anaisikia injini vizuri. Akishavuka Kibaha, barabara ikanyooka na mwendo ukapita kilomita sitini na kitu kwa saa, injini inamezwa na mngurumo wa hewa inayopasuka kwenye kofia yake. Kuanzia hapo hadi Morogoro, anachosikia ni upepo.

Waingereza walilipima jambo hili kwa makini miaka ya 1990, kwa kuweka maikrofoni ndogo sikioni mwa mwendeshaji, ndani ya kofia. Kwenye mwendo wa kilomita 60 na kidogo kwa saa, sauti ndani ya kofia ilikaribia desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mwendo ulipofika kilomita 110 hivi, sauti ilipita desibeli 100. Tena upepo hauongezi kelele kidogo kidogo kama tunavyodhani. Ukizidisha mwendo mara mbili, kelele ya hewa hupanda kwa desibeli 15 au zaidi, maana yake nishati ya sauti inayoingia sikioni imeongezeka zaidi ya mara thelathini. Tofauti kati ya kwenda 50 na kwenda 90, kwa sikio, ni kubwa kuliko anavyoihisi mtu aliyeshika usukani.

Kinachohesabika ni mwendo wa hewa inayokupiga, wala si namba unayoiona kwenye spidomita. Anayetoka Dodoma kwenda Singida kwa kilomita 80, huku upepo wa mbele ukija na kilomita 25, masikio yake yako kwenye 105. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba kuna siku upepo hautulii tangu asubuhi mpaka jioni.

Basi kofia si ipo? Ipo, na ivaliwe kila siku. Lakini kofia ngumu iliundwa kuokoa ubongo, haikuundwa kuzuia sauti. Sauti nyembamba inazipunguza kiasi. Mngurumo mzito wa upepo unapita kama haipo, na kwenye baadhi ya sauti nzito kofia yenyewe huongeza mvumo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath waliofuatilia chanzo cha kelele hii waligundua kwamba sehemu kubwa inaingilia chini, pale kwenye kidevu na shingo, ambapo hewa huvurugika na kuingia ndani ya kofia. Hapo walikuwa wanazungumzia kofia nzima, inayofunika uso wote na yenye kioo kinachofunga sawasawa. Sasa angalia kofia zinazoning'inia kwenye usukani wa pikipiki za kijiweni kwetu. Nyingi hazina sehemu ya kidevu, kioo kilivunjika au hakifungi, sifongo ya ndani imelika, na ukubwa wake ni wa kumtosha yeyote atakayepanda. Kofia iliyolegea kichwani ni mlango wa upepo.

Kioo cha mbele cha pikipiki nacho si dawa ya uhakika. Kikiwa kifupi, kinaweza kuupandisha upepo uliokuwa unapiga kifuani na kuupeleka moja kwa moja kwenye kofia, ukiwa umevurugika zaidi.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo, takriban 15,000 au 16,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa inazichosha, ikirudiwa inaziua, na kwa binadamu hazioti tena. Hakuna kidonge, tone wala upasuaji wa kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia kinaongeza sauti tu, hakirudishi uwezo wa kuzitenganisha. Ndiyo maana mzee aliyeharibiwa na kelele anakwambia anakusikia ukiongea, ila haelewi unachosema.

Wataalamu wa usalama kazini wana hesabu inayofahamika. Desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili, kwa 94 ni saa moja, kwa 97 ni nusu saa, kwa 100 ni dakika 15. Hicho ndicho kipimo cha taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele sehemu za kazi ni legevu kidogo, zinaruhusu desibeli 90 kwa saa nane. Lakini hata ukichukua kipimo hicho cha Kenya, safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, takriban kilomita 190, inaliacha sikio na nafasi ndogo. Kwa kipimo cha NIOSH, anayekwenda 80 kwa saa amemaliza kiasi cha sikio lake cha siku nzima kabla hajafika Chalinze. Kilichobaki hadi Msamvu, stendi ya Morogoro, ni deni, na kurudi jioni ni deni jingine.

Dalili zake tunazo na tumezizoea. Mtu anashuka kwenye pikipiki baada ya saa tatu, masikio yamejaa kama yana maji, anaongea kwa sauti ya juu bila kujua, usiku akilala anasikia mlio mwembamba usiokoma. Asubuhi mlio umekwisha, naye anasema ulikuwa uchovu wa safari. Uchovu upo kweli, kwa sababu kelele ya saa nyingi huchosha akili na kupunguza umakini, na hiyo peke yake ni hatari barabarani. Ila ule mlio ni taarifa. Seli zimeumia, safari hii zikarudi. Siku moja hazitarudi zote, na hatajua ilikuwa siku ipi, kwa kuwa haumwi popote.

Mwaka 1994 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya vipimo vya masikio ya waendeshaji wa mashindano ya pikipiki ya Grand Prix, vijana wenye afya na vifaa bora kuliko vyetu vyote. Sehemu kubwa yao walikwisha kupoteza usikivu kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kama hali ni hiyo kwa mtu anayekimbia kwa msimu na kupumzika, sioni tutarajie nini kwa kijana anayepeleka vifurushi mikoani siku sita kwa wiki.

Dawa yake ni ndogo na inapatikana. Vizibo vya masikio vya sifongo, vile wanavyovaa wafanyakazi wa migodini Geita na kwenye viwanda, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini kwa bei iliyo chini ya lita moja ya petroli. Kwenye pakiti utasoma kwamba vinapunguza desibeli 30 na zaidi. Barabarani, kwa jinsi watu wanavyoviweka, tegemea pungufu ya hapo. Lakini hata vikipunguza 20 tu, zile desibeli 95 za barabara kuu zinashuka hadi 75, na kiwango hicho sikio linakivumilia siku nzima.

Ninapolisema hili kwa waendeshaji, jibu huwa moja: nikiziba masikio, basi la mikoani likija nyuma nitalisikiaje? Ni swali zuri, na wanaolipuuza wanalikosea heshima. Mtu anayeishi kwa barabara ana haki ya kuliuliza, na jibu lake si la mkato.

Kwanza tuulize analisikiaje sasa. Kwa 90 kwa saa, sikio limefurika mngurumo. Honi ya basi lililo mita hamsini nyuma inalazimika kuupita mngurumo huo ndipo isikike, na mara nyingi haiupiti mpaka basi liwe limeshamfikia. Kizibo kinapunguza vyote viwili, upepo na honi, kwa kiasi kinachokaribiana. Uwiano kati yao haubadiliki sana. Kinachobadilika ni sikio lenyewe: likipigwa na sauti kubwa kupita kiasi linashindwa kuzichambua sauti, na likipunguziwa linarudi kwenye kiwango ambacho linafanya kazi yake vizuri. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga akiwa na vizibo analijua hili bila kufundishwa: anamwelewa mteja anayemsemesha kuliko alipokuwa bila vizibo. Barabara kuu ni hivyo hivyo. Waendeshaji wengi wa masafa, baada ya kuvizoea, husema wanasikia honi na hata injini yao vizuri zaidi, na sayansi ya usikivu inawaunga mkono.

Lakini hesabu hiyo inasimama pale tu kelele inapokuwa kubwa. Mjini, kwa 30 au 40, upepo ni mdogo. Hapo kizibo kinapunguza honi ya bajaji, kengele ya baiskeli, sauti ya mtoto anayekimbilia mpira, na hakuna mngurumo mkubwa kinaoupunguza. Abiria akikwambia shusha hapa, humsikii. Kwa hiyo simshauri bodaboda wa Manzese anayezunguka kati ya kijiwe na stendi kuziba masikio siku nzima. Atakuwa anajinyima bila kupata kitu. Ushauri wa jumla wa "kila mwendesha pikipiki avae vizibo", unaotoka nchi ambazo pikipiki ni chombo cha barabara kuu, ukiletwa kwetu mzimamzima utakataliwa, na utakataliwa kwa haki. Mpaka wangu ni mwendo. Ukijua unatoka mjini na utakaa juu ya 60 kwa zaidi ya dakika chache, simama kituo cha mafuta cha mwisho, viweke. Ukiingia mji mwingine, vitoe. Kwa anayepita mji na barabara kuu mara nyingi kwa siku, vipo vizibo vya silikoni vyenye kichujio, vinavyopunguza kiasi na kuacha maneno yapite; ni ghali zaidi, lakini vinaoshwa kwa sabuni na kutumika kwa miezi mingi.

Jambo jingine linalohusu swali la basi ni vioo. Vijiwe vyetu vimejaa pikipiki zilizong'olewa saiti mira, ama kwa sababu zinazuia kupenya kwenye foleni, ama kwa sababu zilivunjika hazikurudishwa. Aliyeng'oa vioo amelipa sikio kazi ya jicho. Mtu wa namna hiyo akitaka vizibo namwambia aanze na vioo, kwa kuwa masafa hayaendeshwi kwa kusikiliza nyuma. Yanaendeshwa kwa kutazama nyuma.

Kuna hatari moja ya vizibo ambayo sijaona ikizungumzwa kwetu, nami naiona ni nzito kuliko ile ya honi. Pikipiki nyingi za biashara spidomita haifanyi kazi. Waya ulikatika, na haukuwa kitu cha kukimbilia kurekebisha. Dereva anaujua mwendo wake kwa sauti: ukali wa upepo na mlio wa injini vinamwambia kwamba sasa amezidi. Mpe vizibo leo, na kipimo chake cha mwendo umekizima. Ataenda 95 akihisi yuko 70, kwa kuwa utulivu unadanganya. Hata mwenye spidomita nzima huongeza mwendo siku za kwanza bila kukusudia. Pia kuna sauti ambazo fundi mzuri huzitegemea: cheni iliyolegea, tairi linaloanza kuishiwa upepo, injini inayogonga. Baadhi ya hizo zitafifia, ingawa mtikisiko kwenye usukani na miguuni utabaki kumpa habari. Kwa sababu hiyo, anayeanza kutumia vizibo aanze na safari fupi anayoijua vizuri, na pikipiki iwe na spidomita inayosoma. Asiye nayo airekebishe kwanza. Nalisema hili kwa msisitizo maana sitaki mtu aokoe sikio akavunja shingo.

Kikwazo kikubwa zaidi kinatoka mahali pengine kabisa: hedifoni. Kila siku tunawaona vijana wakiendesha huku nyaya zinaning'inia shingoni, au simu imesokomezwa kati ya kofia na shavu, mazungumzo yanaendelea. Trafiki akiona kitu sikioni anawaza muziki, na hawezi kulaumiwa. Lakini hedifoni na kizibo vinafanya kazi zinazopingana. Hedifoni inaongeza sauti juu ya kelele iliyopo. Ili wimbo usikike kwenye upepo wa desibeli 90, lazima upandishwe ulingane nao au uupite, hivyo sikio linapigwa mara mbili, na akili imekwenda kwenye maneno ya wimbo au kwenye ugomvi wa simu. Kizibo hakileti sauti yoyote wala hakimwondoi mtu barabarani.

Wenzetu wengine walikutana na mkanganyiko huu wakautatua kwa maandishi. Sheria ya usalama barabarani ya jimbo la California inamkataza dereva kuziba masikio yote mawili kwa hedifoni, lakini inaviruhusu vizibo vilivyotengenezwa kupunguza kelele yenye madhara, mradi visimzuie kusikia honi na ving'ora. Ni aya fupi. Kikosi chetu cha usalama barabarani kikitoa mwongozo wa namna hiyo, trafiki wa Mlandizi na dereva watakuwa wanasoma ukurasa mmoja, na kijana hatalazimika kuchomoa vizibo kila anapoona sare nyeupe mbele.

Kwa anayeanza, kuweka kizibo cha sifongo kuna namna yake, na wengi wanaosema havifai waliviweka vibaya. Nawa mikono kwanza. Vidole vyenye oili na vumbi vinapeleka uchafu ndani kabisa ya tundu la sikio, na hapo ndipo maambukizi yanapoanzia. Kiviringe kizibo kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize, ukishikilie kwa kidole sekunde ishirini au thelathini mpaka kivimbe. Kikiwa kimekaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia kama inatoka ndani ya kichwa. Kikibaki nje nusu, hujafanya kitu. Vaa kofia taratibu isikichomoe. Kikichakaa au kikiingia uchafu, tupa. Mwenye sikio linalotoa usaha asivitumie mpaka atibiwe. Na pamba, ambayo wengi hujaribu, haisaidii: inapunguza kidogo mno, na nyuzi zake hubaki ndani.

Wapo wanaoniambia kwamba pikipiki za umeme, zinazozidi kuongezeka Kigali na Nairobi, zitalimaliza suala hili. Zitaleta nafuu kubwa kwa wakazi wa mijini na kwa mapafu yetu sote. Kwa sikio la aliye kwenye barabara kuu hazibadilishi chochote, kwa kuwa upepo hauna habari na kinachozungusha gurudumu.

Linabaki suala la nani anawajibika, na hapa ndipo ninapoona uzembe wetu mkubwa. Kelele ikimharibu masikio fundi wa kiwandani, Tanzania ina OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na sheria yake ya mwaka 2003, ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na upotevu wa usikivu kutokana na kelele umo kwenye orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya magonjwa yatokanayo na kazi. Bodaboda yuko nje ya uzio huo. Pikipiki ni ya tajiri, yaani mwenye chombo, yeye analeta hesabu ya siku hadi mkataba uishe na chombo kiwe chake. Hana mwajiri. Deiwaka anayeshika pikipiki ya mwenzake kwa siku moja yuko mbali zaidi. Akija kupimwa hospitali akiwa na miaka 45 na kuambiwa usikivu umeondoka, hakuna mlango wa kugonga.

Wapo lakini wenye mwajiri, tena mwajiri mkubwa kuliko wote. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi maafisa ugani pikipiki mjini Dodoma, ili wawafikie wakulima vijijini. Ulikuwa uamuzi mzuri, na wakulima walikuwa wameusubiri. Maafisa hao ni waajiriwa wa Serikali. Wanaendesha kazini, kwa saa za kazi, kwa chombo walichokabidhiwa na mwajiri. Wahudumu wa afya wanaosafirisha sampuli na chanjo kwa pikipiki wako hivyo hivyo, na askari wa misafara pia. Kwa hawa hatuhitaji sheria mpya. Kelele inayozidi kiwango ni hatari ya kazini iwe inatoka kwenye kinu au kwenye upepo wa barabara ya Singida, na mwajiri anapaswa kuipima na kutoa kinga.

Nianzie kwao basi. Kila pikipiki ya umma inayotolewa kwa afisa wa masafa itoke na kofia nzima inayomtosha mwenyewe, spidomita inayofanya kazi, vioo viwili, na boksi la vizibo vya kumtosha mwaka, pamoja na nusu saa ya kufundishwa kuviweka. Masikio yake yapimwe siku anayokabidhiwa na yapimwe tena kila mwaka, majibu yakae kwenye faili lake la utumishi. Na matajiri wanaowapa vijana pikipiki za kupeleka vifurushi mikoani, ambao tayari wanaandikiana nao hesabu, matengenezo na faini, waongeze kwenye karatasi hiyo hiyo kwamba vizibo ni vya mwenye chombo kununua, kama ilivyo kofia.